Namna ya kuisoma sahani yako ya mchana ukiwa Kigoma

Watu wengi wakisikia neno historia wanawaza mnara wa Livingstone pale Ujiji, au jengo la stesheni, au meli ya Liemba, na wakisikia mazingira wanawaza semina na mabango ya kupanda miti, wakati vyote hivyo viko mezani kwetu kila siku saa saba mchana. Ugali wa muhogo, dagaa waliokaangwa kwa mawese, sombe, yaani majani ya muhogo, pembeni, chumvi kidogo. Nataka nikuelekeze namna ya kuisoma hiyo sahani, maana naamini kabisa kwamba kijana wa hapa anayeweza kueleza chakula chake kimefikaje mezani anaijua nchi yake vizuri kuliko aliyekariri tarehe za mtihani. Na haina gharama kubwa, unahitaji daftari, kalamu, simu ya kurekodi kama unayo, na uvumilivu wa kukaa na watu wazima bila kuangalia saa.

Utakuwa unarudia maswali yale yale kwa kila kitu. Hiki kimetoka wapi kabla hakijafika kwangu, nani amekibeba na akapata nini, ili kipatikane kimekatwa nini au kimechomwa nini, na zamani kilikuwaje. Yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ili usiyasahau pale stori itakaponoga, maana zinanoga kweli, na ukishanogewa unarudi nyumbani na vicheko bila majibu.

Anza na dagaa

Dagaa ndio wanaongea zaidi kwa hiyo wape muda mrefu. Nenda Kibirizi au Katonga alfajiri mitumbwi ikiwa inarudi, ila kabla hujapanga safari angalia mwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika siku kadhaa, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa, taa inavuta vidudu vidogo vya majini na dagaa wanafuata chakula chao, sasa mbalamwezi ikishaangaza ziwa zima taa yako inakosa nguvu. Ukienda kipindi hicho utawakuta wanashona nyavu, na huo nao ni wakati mzuri kwa sababu hakuna mwenye haraka. Ulizia taa. Mzee aliyevua zamani atakuambia habari za karabai na shida ya mafuta ya taa, na ukimsogeza nyuma zaidi atakuambia baba yake au babu yake alikuwa anawasha kuni mbele ya mtumbwi, na vijana walioko pale pembeni watakuonesha balbu zao na betri wanazochaji kwa sola. Kuni, karabai, sola. Ukiyaandika hayo na majina ya nani alitumia nini na lini, tayari una historia ya nishati ya ziwa hili ambayo hakuna ofisi itakupa.

Afu sogea kwenye vichanja vya kuanikia. Msalimie mama mwenye mzigo, muombe akuruhusu uchukue dagaa wabichi wa kujaza kiganja, uwatandaze taratibu kwa kidole. Wengi ni wembamba wana mstari wa fedha ubavuni, kuna wengine wanene kidogo ambao ni aina ya pili, na katikati yao utakuta visamaki vyenye mdomo mkubwa na ukivigusa mdomoni unasikia vijino. Hivyo ni migebuka michanga. Mama anavijua toka mbali, atakuonesha mwenyewe bila kuulizwa mara mbili. Sasa hapo kwenye kiganja chako una tatizo zima la uvuvi wa Ziwa Tanganyika, maana mgebuka anaishi kwa kula dagaa na sisi tunamvua pamoja na chakula chake kabla hajakua, afu miezi michache baadaye tunashangaa sokoni migebuka imepungua na iliyopo ni midogo. Muulize yule mama: wa hivi mlikuwa mnapata wengi zamani? Wakubwa walikuwa wanafika wapi? Mwache aoneshe kwa mkono, upime, uandike sentimita.

Kitu kingine cha kuandika ni kwamba dagaa wa kwetu ni ndugu wa dagaa wa baharini kabisa, ukoo mmoja na wale wanaotiwa kwenye makopo, na hana undugu wa karibu na dagaa wa Mwanza ingawa jina ni moja na muuzaji wa Dar anaweza kukuuzia huyu kwa jina la yule. Ndio maana ladha ni tofauti na bei ni tofauti. Dagaa wa Kigoma akishafika Dar bei yake kwa kilo inaweza kupita ya nyama, sasa rudi kwenye swali la nani amepata nini, kwa sababu yule mama wa kichanja hakupata bei hiyo na mvuvi aliyelala ziwani hakupata, na kuna nyumba nyingi tu Kigoma zinazokula dagaa waliovunjika kwa sababu wazima wameshapakiwa kwenye magunia. Chora mstari kwenye daftari kutoka mtumbwini mpaka jikoni kwa mtu Dar, kila anayeshika mzigo muweke, na andika bei kila unapoipata. Mstari huo utakufundisha uchumi kuliko nitakavyoeleza hapa.

Sasa hali ya hewa. Ziwa letu lina kina kinachofika karibu mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal kule Urusi, lakini samaki wanaishi juu tu kwenye mita mia na kitu, huko chini hakuna hewa. Chakula kingi kimelala chini. Upepo wa kiangazi, ule wa kusini unaoanza kama mwezi wa tano, ndio unaoyatikisa maji na kupandisha rutuba juu, mimea midogo ya majini inastawi, vidudu vinakula, dagaa wanakula vidudu. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi zaidi na yanagoma kuchanganyika na yale ya chini. Watafiti walichapisha mwaka 2003 kwamba ziwa limepata joto katika karne iliyopita na uzalishaji wake wa chakula umeshuka. Kwa hiyo mtu akikuambia samaki wamepungua kwa sababu ya nyavu haramu tu, mwambie hiyo ni sehemu, kuna moshi wa viwanda vya nchi ambazo hazijawahi kumuona dagaa nao umo kwenye hesabu. Namna ya kulisoma hili bila mashine ni kuwauliza wavuvi wazee kuhusu upepo: ulikuwa unaanza mwezi gani, ulikuwa unavuma siku ngapi mfululizo, siku hizi vipi. Uliza wazee watano tofauti, kila mmoja peke yake, ukiwauliza kwa pamoja mmoja anaongea wengine wanaitikia.

Na usiondoke mwaloni bila kuuliza habari za mwaka 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti ziwa lilifungwa, uvuvi ukasimama kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Mimi naunga mkono ziwa kupumzishwa, samaki wanahitaji nafasi ya kuzaliana, ila uliza ile miezi mitatu ilibebwa na nani. Muulize mama wa vichanja marejesho ya vikoba aliyalipaje, ada ya watoto ilitoka wapi, aliuza nini. Mkopo haukufungwa. Watu wa nyumba zenye mashamba walirudi shamba, wasio na shamba je? Majibu yatakuonesha tofauti za watu wa mtaa mmoja ambao ukiwaona wamekaa pale ufukweni unadhani wote wako sawa.

Kabla hujaondoka ufukweni angalia maji yamefika wapi. Kuanzia kama 2020 ziwa limepanda, nyumba za pembezoni zimeingiliwa, bandarini pia, na wengi wanadhani ni jambo la kwanza kutokea. Stanley alikutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliporudi mwaka 1876 aliandika kwamba michikichi aliyoiacha sokoni sasa imesimama ndani ya maji. Miaka michache baadaye ziwa likapasua njia ya kutokea upande wa Kongo, mto Lukuga, likashuka mita kadhaa, na ndio maana leo ukisimama pale kwenye mnara Ujiji unajiuliza hawa watu walishukia wapi mtumbwi mbona maji yako mbali vile. Kwa hiyo ufukwe wa Ujiji umeshahama na utahama tena. Fanya hivi: tafuta ukuta, mti au jiwe kubwa karibu na maji, lipige picha kila mwezi ukiwa umesimama sehemu ile ile, andika tarehe. Ukifanya mwaka mzima una rekodi. Ila bandarini na stesheni usipige picha bila kuomba ruhusa, utajitafutia matatizo bure.

Mawese

Mafuta haya tunayoyachukulia kama ya kawaida sana yana safari ndefu kuliko tunavyodhani. Kama una ndugu anayekamua, nenda ukashinde naye siku nzima, usiende kuangalia tu, beba maji, kusanya kuni, ndio utajua. Utaona mwanaume anapanda mchikichi na kukata mikungu, basi, kazi yake mara nyingi inaishia hapo au kwenye kusukuma mashine, na kuanzia kuchambua, kuchemsha kwenye pipa, kukamua, kuengua mafuta yakiwa yanapanda juu ya maji, mpaka kuanika kokwa za mise ili zipasuliwe baadaye, mikono ni ya akina mama na watoto. Andika saa alizofanya kazi kila mtu. Afu uliza dumu likiuzwa pesa inashikwa na nani. Swali hili liulize kwa heshima na kama mume yupo karibu liache, utaliuliza siku nyingine.

Kwa upande wa historia kuna jambo linaloniuma kila nikilifikiria. Mchikichi ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa Bogor, Indonesia, na mashamba makubwa ya Asia yaliyokuja baadaye yana mizizi kwenye miche hiyo. Leo Tanzania inaagiza mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, yanakuja yamesafishwa hayana rangi, yanauzwa dukani hapa hapa Kigoma kwenye chupa, hatua chache kutoka kwa mama mwenye dumu la mawese mekundu. Na ile mbegu bora inayohamasishwa sasa, tenera, siri yake iligunduliwa na watafiti wa Kibelgiji Yangambi huko Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwamba ukimpandisha dura mwenye kokwa nene na ule mchikichi usio na gamba unapata tunda lenye nyama nyingi. Sisi tukaendelea na dura kwa miongo mingi. Kuanzia 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alilivalia njuga hili suala, na pale Kihinga kituo cha utafiti kinazalisha mbegu za tenera.

Kusoma mawese kwenye mtaa wako maana yake ni kuhesabu. Chukua michikichi ya eneo unalolijua, uliza mingapi ni ya zamani, ya nani, alirithi kwa nani, na mingapi ni mipya. Mche mpya unakaa kama miaka mitatu ndio uanze kuzaa, kwa hiyo uliza nani ana ardhi ya kusubiri miaka mitatu na nani hana. Halafu angalia ilipopandwa, kama ni kwenye shamba la zamani, ni sawa, ila kama kuna mlima umenyolewa miti ya asili ili kuipisha andika hilo pia kwa herufi kubwa, maana tunajua Indonesia na Malaysia misitu ilienda wapi.

Muhogo na wanaume walioondoka

Muhogo umetoka Amerika ya Kusini, Wareno waliuleta pwani ya Kongo karne ya 16, ukatembea taratibu kutoka shamba hadi shamba mpaka huku. Ila hilo ni jambo la vitabuni, la kuulizia nyumbani ni hili: kwa nini nyumba yenu inategemea muhogo. Wakati wa Mwingereza Kigoma ilikuwa eneo la kutoa watu. Reli ya Mjerumani ilifika hapa mwaka 1914, na baada ya vita treni ile ile ikawa inabeba vijana wa Kiha na wengine kwenda kukata mkonge Tanga, manamba, kuanzia 1944 kulikuwa na chombo maalum cha kuwaandikisha, SILABU. Walienda kwa sababu ya kodi, pesa taslimu ilitakiwa na huku kazi ya kulipwa haikuwepo. Sasa fikiria shamba lililobaki na mama, wakwe na watoto. Muhogo hauhitaji mikono mingi, ukikomaa unaweza kuuacha ardhini miezi mingi bila kuoza, na serikali yenyewe ilikuwa inalazimisha watu walime muhogo kama akiba ya njaa. Mimi nikiuona ule unga mweupe namuona bibi aliyeachwa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza bibi au babu ni: kwetu nani aliwahi kwenda mkonge? Nimeona watu wakikaa kimya kidogo halafu linatoka jina la kaka wa babu ambaye hakurudi, na kumbe kuna ndugu Tanga, Korogwe, Muheza, ambao hakuna aliyewahi kuwatafuta. Ukipata jina kama hilo liandike vizuri, tahajia zote, kijiji, na kama anakumbuka jina la shamba la mkonge.

Halafu nenda shambani. Angalia majani. Yakiwa yamejikunja na mabaka ya njano hiyo ni batobato, na ukichimba mzizi ukaukata ukakuta ndani kuna madoa ya kahawia yaliyokauka hiyo ni michirizi ya kahawia, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu juu mmea unaweza kuonekana mzima. Magonjwa yote mawili yanaenezwa na inzi weupe na kwa kupeana vipando, yaani ule wema wa kumpa jirani vipande vya muhogo akapande ndio unaosambaza ugonjwa. Uliza mbegu za zamani ziliitwaje na ziliishia wapi. Utapata majina mengi, na mengi yatakuwa ya mimea ambayo haipo tena, hakuna sehemu nyingine yameandikwa kwa hiyo yaandike yote.

Chumvi, na moto uliopikia

Uvinza ni safari, ila kama unaweza nenda. Chemchemi za maji ya chumvi pale karibu na mito ya Malagarasi na Ruchugi zimepikwa chumvi tangu karibu karne ya 5 au ya 6, waakiolojia walichimba miaka ya 1960 wakakuta vyungu na majiko ya wakati huo. Kabla ya wakoloni maelfu ya watu walikuwa wanakuja msimu wa kiangazi kutoka kila upande, wanachemsha, wanalipa ushuru kwa watemi wa Uvinza, wanarudi kwao na mizigo. Kwa hiyo kabla ya mpaka wa Burundi na Kongo kuchorwa, chumvi ilishawaunganisha watu hawa. Ukifika waulize wanaofanya kazi pale kama bado wanatumia kuni na zinatoka umbali gani, hilo ndilo swali la msingi, kwa sababu kuchemsha maji mpaka yabaki chumvi kunataka moto mwingi mno. Na kwenye pakiti ya dukani angalia kama imeandikwa ina madini joto, tangu miaka ya 1990 kanuni zinataka hivyo kwa ajili ya ugonjwa wa tezi la shingo ambao maeneo ya milimani ulikuwa mwingi. Bibi zako watakumbuka watu wenye shingo kubwa, watoto wa leo hawawajui.

Mkaa sitauongelea sana. Uliza gunia limetoka wapi, na kila miaka inavyoenda jina la mahali litakuwa mbali zaidi na mjini, weka majina hayo kwenye ramani kwa mpangilio wa miaka na utaona msitu unavyorudi nyuma. Milima ya kaskazini kuelekea Gombe ilishachakaa hivyo hivyo, ndio maana mradi wa TACARE ulianza mwaka 1994 na vijiji vinavyoizunguka hifadhi, walishaona kuwa huwezi kulinda sokwe wakati mama wa kijijini hana kuni. Udongo wa milima iliyo wazi unashuka ziwani mvua zikinyesha, unafunika mawe wanakozaliana samaki, na hapo unajikuta umerudi kwenye mtumbwi ulikoanzia.

Kama sahani yako ina njegere za manjano au mafuta ya msaada yaliyonunuliwa kimyakimya sokoni, basi una ukurasa mwingine kabisa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongo, Warundi waliingia kwa wingi miaka ya 1972, 1993 na 2015, mwaka huo wa mwisho walijazana ufukweni Kagunga mpaka Liemba ikatumika kuwaleta mjini. Mkimbizi anauza sehemu ya mgao kwa sababu anahitaji sabuni, kuni, nguo ya mtoto, na mwanakijiji ananunua kwa sababu ni bei nafuu. Kuna chuki zinazotokana na kuni na mashamba, ni kweli, na kuna ndoa, urafiki na biashara, nazo ni za kweli. Andika vyote. Ukiandika upande mmoja utakuwa umeongeza maneno kwenye mdomo wa watu ambao tayari wanasemwa sana.

Jinsi ya kuuliza wazee

Shikamoo kwanza, kaa chini, pokea unachopewa. Usitoe simu ukaanza kurekodi, omba: "Bibi, naomba nirekodi maneno yako ili nisiyasahau, ukitaka nizime nitazima." Na ukiambiwa zima, zima kweli.

Usimuulize mzee mwaka. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo analolikumbuka, halafu mwaka utautafuta mwenyewe. Uhuru ni 1961. Azimio la Arusha 1967. Operesheni ya kuhamia vijijini, huku kwetu ilianza mapema, 1972, na nchi nzima ikapamba moto 1974. Vita vya Kagera 1978 mpaka 1979. Mvua za El Nino 1997 kuingia 1998. Mtu atakuambia "tulihama nikiwa na mimba ya mjomba wako" na wewe ukishajua mjomba kazaliwa lini umeshapata mwaka. Operesheni hasa ukiipata iulizie kwa undani, Waha walikuwa wanaishi kila mji kwenye migomba yake, mbali mbali, kuwakusanya sehemu moja kulibadilisha mashamba, kuni, maji, na hata nani ni jirani wa nani, shule na zahanati zikasogea lakini migomba ikaachwa.

Kuna swali moja ambalo Kigoma linahitaji uangalifu mkubwa, nalo ni "asili yenu wapi". Watu wa mkoa huu wameshasimamishwa sana njiani na kwenye mabasi waeleze ni Watanzania wa wapi, kwa sababu ya lafudhi tu au jina, kwa hiyo hata ukiuliza kwa nia njema unaweza kumkumbusha mtu fedheha. Na Ujiji kuna familia ambazo wazee wao walivuka ziwa wakati wa misafara ya pembe za ndovu na watumwa, wengine kama wafanyabiashara, wengine wakiwa wamefungwa. Wamanyema wengi wana historia hiyo ndani yake, imewapa lugha, dini, ngoma na mtaa wa fahari, na imewapa pia mambo ambayo hayasemwi mbele ya wageni. Usimuulize mtu kama babu yake alikuwa mtumwa. Uliza babu alifikaje Ujiji, alikuja na nani, alimkuta nani. Kama anataka kusema atasema, mwingine atasema siku nyingine ukiwa mnatoka msikitini au kwenye arusi, na mwingine hatasema kabisa, ni haki yake.

Baada ya hapo

Ukishajaza daftari usilifungie. Kaa na wale wale uliowauliza, wasomee ulichoandika juu yao, kwa sauti, taratibu, watakurekebisha majina na watakumbuka mengine wakisikia. Ondoa wanachosema uondoe. Kama wewe ni mwalimu wape wanafunzi kila mmoja kitu kimoja cha sahani na wiki mbili, wa mjini aende Mwanga sokoni, wa Mwandiga aulize njia ya Manyovu, wa Uvinza anajua pa kwenda, halafu waunganishe kwenye karatasi moja kubwa ukutani, utaona mistari inavyokutana relini na ziwani. Wazazi waalikwe waione. Acha nafasi na kalamu pembeni ya karatasi, maana lazima atatokea mzee atakayesema hapa mmekosea, aliyekuwa na kipe kikubwa, yaani mitumbwi na nyavu zake, Katonga miaka hiyo hakuwa huyo, na umpe kalamu aandike mwenyewe, kama hataki kuandika aseme wewe uandike.